Dada, usijenge kitalu nyumba kabla hujaangalia kalenda

Jumapili nilipata ujumbe wa dada mmoja wa Chamwino: "Kaka, shikamoo. Nina milioni nane, nataka kujenga kitalu nyumba cha nyanya. Nianzie wapi?" Usingizi ulikata. Milioni nane na laki nne ndizo nilizokopa mimi saccos mwaka 2019, nikajenga changu, nyumba ya nailoni ya kulimia ndani, Ihumwa hapa Dodoma, mita 8 kwa 24.

Aliyeniuzia alinipigia hesabu kwenye karatasi: miche 480, kila mche kilo 15. Karatasi ile ninayo mpaka leo. Nilihamishia miche Agosti, nikaanza kuchuma mwishoni mwa Oktoba. Jua la Dodoma miezi ile mnalijua. Ndani ya nailoni hapakaliki, na nyanya ikizidiwa na joto maua yanapukutika tu, haishiki tunda. Niliambulia kilo 4 kwa mche, matenga 48. Wiki hizo hizo malori ya nyanya za Ilula, Iringa, yamejaa soko la Majengo hapa mjini, tenga likashuka hadi 15,000. Laki saba na ishirini! Kijana wa shamba peke yake, miezi mitano, nilimlipa laki saba na nusu. Bado mbegu, mbolea, dawa ya kantangaze, yule mdudu wa nyanya, maji ya boza. Shemeji zangu walisema nimezika hela. Maneno yale yananiuma hadi leo.

Deni nililimaliza kwa mshahara, miaka miwili.

Kilichonifungua macho ni mvua. Machi moja jirani yangu anayelima nje alipoteza karibu shamba zima kwa ukungu, na tenga likapanda hadi 60,000. Zangu zilikuwa chini ya paa, majani hayalowi, zikawa salama. Hapo nikaelewa nailoni ile nimeinunulia nini: sio kilo nyingi, ni kuwa na nyanya wakati wenzako hawana. Sasa nasia mbegu Desemba, nahamishia Januari, nachuma kuanzia mwisho wa Machi. Aprili hadi Juni Bunge la bajeti linakaa na hoteli zinajaa, kwa hiyo nusu ya kitalu ni hoho nyekundu na za njano, nauza kwa kilo jikoni moja kwa moja, bila dalali. Pembeni niling'oa nailoni, nikaweka neti ili upepo upite. Mwaka huu nimebaki na milioni tatu na laki moja, na hapo nimeshatoa laki nne za akiba ya nailoni mpya. Hiyo laki nne wengi hawaihesabu. Jua letu linakula nailoni ndani ya miaka mitatu, minne, halafu mtu anashangaa mtaji umekwenda wapi.

Vijana wenzangu, tuache kununua kilo za kwenye karatasi. Jiulize utachuma mwezi gani na nani atanunua. Mwezi gani, nani. Kama huna jibu, hela ibaki benki.

Na wewe dada, kabla ya bomba na nguzo, peleka maji ya kisima chako yakapimwe chumvi. Mimi nilipima mwaka wa pili, miche imeshaungua ncha za majani.