Leseni mfukoni, swichi Limuru: nani anashika mtambo wa runinga yako?

Swali: Hujambo Mhandisi. Mimi ni fundi katika kituo kidogo cha runinga huku Bonde la Ufa. Tuna leseni ya utangazaji, studio yetu na kamera zetu, lakini matangazo yetu yanarushwa na kampuni nyingine tunayoilipa kila mwezi. Mzee mmoja hapa kazini husema zamani kila kituo kilikuwa na mtambo wake na mlingoti wake, serikali ikitoa masafa tu, yaani nafasi ya mawimbi hewani. Ni lini tulitenganishwa na mitambo, na kwa nini? Na leseni yetu ina nguvu gani ikiwa anayeweza kutuzima ni mtu mwingine?

Jibu: Sijambo, ndugu yangu. Mzee wako amesema kweli. Mlitenganishwa na mitambo kwa kanuni za mwaka 2009, na utengano huo ukatimia mwaka 2015 mitambo ya analogia, teknolojia ya zamani kabla ya dijitali, ilipozimwa. Lakini ukitaka kuelewa kwa nini jambo hili lilizua kesi kubwa hadi Mahakama ya Juu, lazima turudi nyuma, kwa sababu Kenya ilikuwa na runinga za biashara kwa karibu miaka 20 kabla ya kuwa na sheria kamili ya kuzisimamia.

Runinga ilianza nchini mwaka 1962. Mtambo wa kwanza uliwekwa katika nyumba ya shamba kule Limuru, na mawimbi yake yalifika maili 15 tu. Mwaka 1964 serikali ikalitwaa shirika la utangazaji na kuliita Sauti ya Kenya, chini ya wizara ya habari. Hapakuwa na mdhibiti, wala hakuhitajika. Mtangazaji alikuwa serikali yenyewe, naye waziri hawezi kujiandikia leseni. Mwaka 1989 sheria mpya ikalirudishia shirika jina la KBC, yaani Shirika la Utangazaji la Kenya.

Mambo yalibadilika mwaka 1990 KTN, kituo cha binafsi, ilipoingia hewani Nairobi. Hapo ndipo ulipoanza utaratibu ambao mzee wako anaukumbuka. Mwenye kutaka kituo alibisha hodi milango miwili: wizarani kwa ajili ya kibali, na katika Shirika la Posta na Simu kwa ajili ya masafa. Hakuna sheria iliyosema nani anastahili, vigezo ni vipi, au ukinyimwa ukalalamike wapi. Aliyepata karatasi ya masafa alikuwa amepata kila kitu. Alinunua mtambo, akasimamisha mlingoti, akaanza kurusha. Wapo waliopata masafa wakayakalia bila kurusha hata picha moja, huku wengine wakisubiri foleni. Masafa ya nchi ni mali ya umma kama ardhi ya umma, na yaligawanywa kwa tabia zilezile tulizozijua katika ugawaji wa ardhi. Naliona hilo kuwa kosa la msingi ambalo tumeendelea kulilipia.

Sheria ya Mawasiliano ya 1998 ililivunja Shirika la Posta na Simu vipande vitatu: Telkom Kenya, Posta, na mdhibiti, yaani Tume ya Mawasiliano, CCK, iliyoanza kazi Februari 1999. Wengi hudhani kuanzia hapo runinga zilikuwa na msimamizi. Sivyo. Sheria ile iliandikwa kwa ajili ya simu, barua na masafa. CCK ilimtazama mtangazaji kama mtumiaji wa masafa tu: je, unarusha kwa nguvu uliyoruhusiwa, je, unaingilia mawimbi ya jirani yako? Kuhusu maudhui, umiliki na haki ya kupewa leseni, haikuwa na meno.

Pale sheria ilipokuwa na pengo, watu wa usalama waliingia. Usiku wa tarehe 2 Machi 2006, polisi waliojifunika nyuso walivamia ofisi za gazeti la Standard na kituo cha KTN, wakakizima kituo. Tarehe 30 Desemba 2007, matokeo ya urais yalipotangazwa, wizara ya usalama wa ndani ilipiga marufuku matangazo ya moja kwa moja. Amri zote mbili hazikutoka kwa mdhibiti. Nawe kama fundi liangalie tukio la 2006 kwa jicho la kazi: ili kumzima mtangazaji, ilibidi mtu aende mpaka mlangoni kwake. Kila kituo kilikuwa na swichi yake.

Sheria ya marekebisho iliyoanza kutumika Januari 2, 2009 ndiyo iliyompa mdhibiti mamlaka kamili juu ya utangazaji. Wanahabari waliipinga vikali, hasa kwa sababu iliacha kifungu cha 88 cha sheria ya 1998, kilichomruhusu waziri wakati wa hatari kuagiza vituo vipekuliwe na vifaa vichukuliwe. Kifungu hicho kilifutwa mwaka huohuo wa 2009. Kelele zile zilikuwa za haki. Ila zilifunika jambo jingine lililokuwa likipita kimyakimya katika kanuni za utangazaji za mwaka uleule: leseni iligawanywa. Mwenye kutengeneza vipindi akawa na leseni yake, mwenye kurusha mawimbi akawa na leseni nyingine. Watu walijadili vipindi vya kienyeji kufika asilimia 40 na saa za kulinda watoto, ambazo ni kuanzia saa kumi na moja alfajiri hadi saa nne usiku. Mgawanyo wa leseni haukujadiliwa sana, ingawa ndio uliohamisha mali.

Sababu ya kiufundi ya mgawanyo huo ni ya kweli, nami naiunga mkono. Katika analogia, chaneli moja ya UHF, yaani kipande cha masafa ya runinga chenye upana wa megahezi 8, hubeba kipindi kimoja tu. Mwenye chaneli ana mtambo, mwenye mtambo ana kituo; vitu vitatu ni kimoja. Katika dijitali, megahezi hizohizo 8 hubeba multipleksi, yaani mkondo mmoja wa data ambamo vituo vingi vimepangwa pamoja. Kwa DVB-T2, teknolojia ya runinga ya dijitali tunayoitumia, na picha za ubora wa kawaida, mkondo mmoja hubeba vituo 15 hadi 20 bila shida. Kila kituo kinapewa sehemu yake, tuseme megabiti 2 kwa sekunde, na king'amuzi cha mtazamaji ndicho kinachokichambua kutoka kwenye fungu.

Fikiria zamani kila mtu alikuwa na gari lake barabarani, na sasa tumepanda matatu. Huwezi kumpa kila abiria matatu nzima. Lazima pawe na mwenye gari, na abiria walipe nauli ya kiti. Hiyo ndiyo bili yenu ya kila mwezi: nauli ya megabiti mlizokalia. Tena hatukuwa na hiari ya kubaki katika analogia milele. Mkataba wa Geneva wa mwaka 2006, chini ya Shirika la Kimataifa la Mawasiliano, uliweka Juni 17, 2015 kuwa siku ya mwisho ya kulindwa kwa mawimbi ya analogia katika bara letu, Ulaya na Mashariki ya Kati. Baada ya siku hiyo, jirani yako akikuingilia huna pa kushtaki.

Kwa hiyo swali gumu lilikuwa moja: nani awe mwenye matatu? Leseni ya kwanza ya kusambaza mawimbi ilikwenda kwa KBC kupitia kampuni yake tanzu ya Signet. Ya pili ilitolewa kwa zabuni mwaka 2011, ikachukuliwa na PANG, kampuni ya Kichina. Royal Media, wenye Citizen, na Nation, wenye NTV, waliingia zabuni hiyo wakashindwa. Jiweke katika nafasi yao. Umetumia miaka kujenga milingoti hadi vilima vya mbali, umelipia dizeli ya jenereta usiku ambapo umeme umekatika, kisha unaambiwa ukapande gari la mpinzani wako na la mgeni. Mimi nimekesha kwenye mitambo ya namna hiyo, na naelewa uchungu wa mtu anayeambiwa mlingoti wake sasa ni chuma tu.

Walikwenda mahakamani pamoja na Standard, wenye KTN. Hoja yao kubwa ilitoka katika Kifungu cha 34 cha Katiba ya 2010, ambacho kinataja usambazaji wa mawimbi waziwazi: utangazaji una uhuru wa kuanzishwa, ukifungwa tu na taratibu za leseni zilizo za lazima, na zisizo chini ya udhibiti wa serikali, wanasiasa au wafanyabiashara. Mahakama Kuu iliwakatalia Desemba 2013. Mahakama ya Rufaa ikawapa ushindi Machi 28, 2014. Septemba 29, 2014 Mahakama ya Juu ikaitengua hukumu ya rufaa, ila ikamwagiza mdhibiti, ambaye kwa sheria ya 2013 alikuwa amekuwa Mamlaka ya Mawasiliano, aliangalie ombi lao la leseni. Vilevile iliona kwamba vituo vya bure kubebwa katika ving'amuzi vya wengine kwa kanuni ya ulazima wa kubeba hakukuwa wizi wa hakimiliki.

Kampuni hizo tatu zikapata leseni kupitia kampuni yao ya pamoja, Africa Digital Network. Hata hivyo ugomvi wa tarehe haukuisha. Februari 14, 2015 mitambo yao ya analogia ilizimwa, na vituo vikubwa vya nchi vikawa giza kwa karibu wiki tatu, kwa kuwa wenyewe hawakutaka kupanda magari ya wengine kabla ya lao kuwa tayari. Waliporudi Machi, walirudi kwa mtambo wao wa dijitali.

Sasa nakuja kwenye sehemu ya pili ya swali lako, ambayo naona ndiyo iliyokunyima usingizi. Januari 30, 2018, siku kiongozi wa upinzani Raila Odinga alipojiapisha Uhuru Park, Citizen, NTV na KTN zilizimwa. Safari hii hapakuwa na haja ya kuvamia studio tatu. Maafisa walipanda Limuru, penye mitambo, na kazi ikaisha. Mahakama Kuu iliamuru vituo virudishwe Februari 1. NTV na KTN zilirudi tarehe 5, Citizen tarehe 8. Juni 25, 2025, siku ya maandamano, Mamlaka iliagiza matangazo ya moja kwa moja ya maandamano yakome, vituo vikakatwa tena, na Mahakama Kuu ikasitisha agizo hilo siku hiyohiyo.

Umeona tofauti na 2006? Dijitali ilikusanya swichi mahali pamoja. Mtambo mmoja unapobeba vituo kumi, mkono mmoja unavizima vyote kumi. Hili si kosa la DVB-T2. Ni sheria iliyoacha pengo: ilipotenganisha leseni, haikumwekea msambazaji wajibu wa kudai amri ya mahakama kabla ya kumkata mteja mwenye leseni halali. Ningekuwa na nafasi mbele ya kamati ya Bunge, ningeomba sentensi hiyo moja tu iongezwe.

Kwa kituo chenu, mambo yako hivi. Leseni yenu inawapa haki ya kutangaza na wajibu juu ya maudhui. Haiwapi kiti katika mtambo. Kiti mnakipata kwa mkataba na msambazaji. Wasambazaji wa wote, yaani wanaobeba vituo vya wengine, Signet na PANG, wanabanwa na kanuni za 2009 kuhudumia kila mwenye leseni kwa haki, kwa bei ya busara na bila upendeleo. Mkipewa megabiti chache kuliko mlizolipia, au mkiwekwa nyuma ya mteja mkubwa, mna msingi wa kulalamika kwa Mamlaka, na baada yake katika Baraza la Rufaa la Mawasiliano. Kuna pia leseni ya kujirushia wenyewe, ile waliyopata kina Africa Digital Network, lakini kwa kituo cha ukubwa wenu gharama ya mitambo, umeme na mafundi itawameza, isipokuwa mkiungana vituo kadhaa vya kaunti jirani.

Kabla ya hapo, mwombe bosi wako mkataba wa usambazaji ausome pamoja nawe. Tafuta kiwango cha megabiti kilichoandikwa, maana wengi wametia saini mikataba inayosema "kituo kimoja" bila namba. Tafuta saa za notisi kabla ya kukatwa. Tafuta kama msambazaji analazimika kuwaonyesha amri iliyoandikwa anapowazima kwa agizo la mtu mwingine, na kama sharti hilo halipo, liombeni liingizwe mkataba utakapohuishwa. Kisha weka king'amuzi cha kawaida, kama cha mtazamaji yeyote, pale chumba cha mitambo, kiwake saa 24 na kirekodi. Siku mkizimwa, saa na dakika ya kuzimwa ndiyo karatasi ya kwanza wakili wenu atakayoiomba.