Ziwa lilivyoihama Ujiji, na mahame yanayosema: maswali ya wasomaji

Tunaambiwa Livingstone na Stanley walikutana Ujiji mwaka 1871 karibu na maji. Mbona mnara uko mbali na ziwa? (Msomaji, Mwanga, Kigoma)

Ziwa ndilo lililorudi nyuma. Maji ya Tanganyika yana mlango mmoja tu wa kutokea, Mto Lukuga upande wa Kongo, na miaka hiyo ulikuwa umezibwa na tope na mimea, maji yakawa yanapanda. Kwenye 1878 hivi yakalizidi nguvu tope, yakafumua njia, na miaka iliyofuata ziwa likashuka kama mita 10.

Mita 10 si nyingi kwenye mwamba, ila ufukwe wa Ujiji ni tambarare. Chukua mteremko wa mita 1 kwa kila mita 50 za kutembea: ziwa likishuka mita 10, nchi kavu inaongezeka mita 500. Ghuba ya Kigoma ina kina hadi karibu na ukingo, na ndiko reli ilikomalizikia Februari 1914. Ujiji, mji mkongwe kuliko Kigoma, ukabaki pembeni.

Anayejenga ufukweni asisahau kwamba ziwa hupanda pia. Miaka ya karibuni maji yameingia kwenye nyumba za watu.

Je, Uvinza imezaliwa na reli? (Msomaji, Nguruka)

Hapana. Chumvi ilitangulia. Karibu na pale Ruchugi unapoingia Malagarasi kuna chemchemi za maji ya chumvi, na watu wameyachemsha kwenye vyungu kwa zaidi ya miaka 1,000. Kazi ilikuwa ya kiangazi: masika mto ukifurika, maji baridi huchanganyika na ya chumvi, kuni zinateketea na chumvi haipatikani.

Kijiji chetu kimenyooka kando ya barabara kama kimepigwa kamba. Wazee wanasema "tulihamishwa" lakini hawakubaliani lini. Nifanyeje? (Msomaji, Kasulu)

Huenda wote wanasema kweli, kwa kuwa kuhamishwa kulitokea zaidi ya mara moja. Miaka ya 1920 na 1930 serikali ya Waingereza iliwakusanya watu wa Kigoma na Tabora sehemu moja kwa sababu ya malale, ugonjwa unaoenezwa na ndorobo: vichaka vilifyekwa ili inzi hao wakose kivuli. Kisha ikaja Operesheni Kigoma, 1972, ya vijiji vya ujamaa. Mstari ulionyooka mara nyingi ni wa operesheni.

Ongea na wazee watatu, kila mmoja kwake, wa vitongoji tofauti. Ukiwakutanisha, mkubwa atasema na wengine wataitikia. Usiulize "ilikuwa 1974?" maana utajibiwa "ndiyo". Uliza: ulikuwa umeoa? Mtoto wako wa kwanza alikuwa anatambaa au anasoma? Anayesimulia alichoambiwa na babake, andika hivyo, usikichanganye na alichokiona mwenyewe.

Halafu mwombe mzee mmoja akupeleke kwenye mahame, yaani makazi yaliyoachwa. Nyumba za udongo huyeyuka kwa mvua chache, lakini vitu vingine hubaki: miembe au michikichi iliyosimama kwa safu katikati ya pori, ua wa minyaa uliogeuka miti mirefu, jiwe la kusagia lenye shimo lililolainika kama kiganja. Pima mahali hapo kwa GPS ya simu, kisha tafuta ramani ya 1:50,000, ambayo sentimita 2 ni kilomita 1. Soma pembezoni mwaka zilipopigwa, kutoka kwenye ndege, picha zilizotumika kuichora. Zikiwa za kabla ya 1972, kijiji cha zamani kinaweza kuonekana palepale mlipopima.

Kosa linalowapata wengi ni kuchukua tarehe ya cheti cha kijiji kuwa tarehe ya kuanzishwa. Vijiji vilianza kuandikishwa kwa sheria ya 1975, hata vile ambavyo watu wake walikuwa hapo tangu enzi za mababu.

Kwa nini Kaliua ilikua kuliko stesheni jirani? (Msomaji, Urambo)

Ni njia panda. Miaka ya 1940 ikielekea mwisho ilianza kujengwa reli ya kwenda Mpanda, kama kilomita 210, kwa ajili ya mgodi wa madini ya risasi, na Kaliua ndiko inakochepukia. Abiria wa Mpanda husubiri hapo, na anayesubiri hula, hulala na hununua.