Bawaba za kufuliwa: anza na mlango, urembo baadaye

Ukitaka bawaba na makomeo ya kufuliwa kwa nyundo, mpelekee mhunzi vipimo vya mlango kabla ya kumwonyesha picha kwenye simu. Mlango wa mvule ni mzito. Ukiutundika kwa bawaba mbili nyembamba, skrubu zitalegea na mlango utaanza kuburuza sakafu. Kwa mlango wa namna hiyo mimi nataka bawaba tatu. Zikiwa zile za ukanda, yaani zenye bamba refu linalolala juu ya mlango, ukanda usipungue theluthi ya upana wa mlango: mlango wa sentimita 90, ukanda wa sentimita 30.

Hapa Kampala wengi tunakwenda Katwe, na mafundi hodari wapo. Bunyoro, ufalme wa magharibi mwa Uganda, ilisifika tangu zamani kwa majembe yaliyofuliwa na wahunzi wake, kwa hiyo sioni kwa nini tuagize bawaba kutoka nje. Ila kagua unachouziwa. Vingine ni bamba lililokatwa kwa grainda, likachomelewa kipande cha bomba, likagongwagongwa juu na kupakwa rangi nyeusi.

Tazama jicho la bawaba, pale pini inapopita. Kwenye bawaba iliyofuliwa, ukanda wenyewe ndio uliokunjwa kuizunguka pini. Hakuna mshono wa kuchomelea. Pitisha ukucha juu ya kunjo. Ukikwama kwenye ufa mwembamba upande wa nje, mara nyingi chuma kiligongwa kikiwa kimeshapoa, na hapo ndipo kitakapokatikia. Irudishe. Isipokuwa na ufa, chomeka pini uizungushe polepole: isikwame popote, wala isicheze. Fundi mzuri hakasiriki ukimkagulia hivyo, tena atakuletea nyingine mwenyewe.

Muulize pia amefua chuma gani. Springi za gari ni ngumu, zinafaa kwa panga na patasi. Bawaba inataka chuma laini, kinachopinda kabla ya kuvunjika. Na tafadhali, usimpelekee mabomba yenye zinki ili kupunguza gharama. Zinki ikiingia motoni hutoa moshi unaomdhuru yeye na vijana wake.

Wakati wa kufunga, kumbuka kwamba kazi ya mkono haifanani, hata ikiwa jozi. Laza kila bawaba mahali pake, ichore kwa penseli, ndipo uchonge kwa patasi. Usitumie mchoro wa ya kwanza kwa ya pili. Toboa kwanza tundu jembamba kuliko skrubu, na skrubu uipake nta. Ndani ya mvule kuna vijiwe vinavyoua makali ya keekee, kwa hiyo toboa taratibu. Mlango wa nje ufungwe kwa bolti zinazopenya, nati zibaki ndani. Kama bawaba zinakaa kwenye pini za fremu, pini ya juu ielekee chini, nayo ndiyo ifungwe ya mwisho, ili mtu asiweze kuunyanyua mlango na kuung'oa.

Komeo lisubiri mlango uwe umeshaning'inia. Acha kama milimita 3 kati ya mlango na fremu, na pete ya komeo iwe na nafasi kidogo, kwa sababu mvua za Machi hadi Mei zitaitanua mbao.

Vyuma vya ndani vinatosheka na nta ya nyuki iliyopakwa chuma kikiwa bado na joto. Vya nje, hasa kwa wenzetu wa Entebbe na Jinja walio karibu na maji, vinahitaji redi oksaidi, ile rangi ya kwanza ya kuzuia kutu, kisha rangi yenyewe. Paka na upande wa nyuma kabla ya kufunga, maana baada ya hapo brashi haifiki.