Jibu: Diwani anapata habari kwa wananchi kabla ya ofisi

Salaam mkuu. Umeuliza ofisi yenu ya halmashauri ifanyeje ili madiwani wapate habari mapema. Yaani ripoti ya mwezi unawatumia, ila diwani anajua bomba limepasuka kwa kupigiwa simu na mpiga kura.

Kwanza angalia nani ana ruhusa ya kutuma. Kama kila ujumbe unasubiri saini ya mkurugenzi, habari itachacha. Ya dharura (maji kukatika, barabara kufungwa) msimamizi wa zamu aitume papo hapo: mtaa gani, kumetokea nini, mafundi wamefika au bado, taarifa inayofuata saa ngapi. Hiyo saa wengi huisahau, na ndiyo inayopunguza simu. Mengine yasubiri ukurasa mmoja wa Ijumaa, uliopangwa kwa kata. Halafu watumie madiwani wote kwa pamoja. Ukimtangulizia mmoja, utaitwa mtu wa chama chake.