Wanasoma Kiingereza vizuri, maana hawaipati

Mwalimu, kwamba Gredi ya 7 wako hapo Kisumu wanasoma Kiingereza kwa sauti bila kukwama, ila ukiwauliza kisa wanakodoa macho, wala hakunishangazi. Kusoma kwa zamu kunapima matamshi tu. Andika kisa kifupi ubaoni, ukikate kabla ya mwisho. Wawili wawili wabuni kitakachotokea na wakuonyeshe mstari uliowadokezea. Usikubali jibu lisilo na mstari.

Kuandika, waanze na wanachokijua: kupika omena, wale dagaa wa ziwani. Kisha jirani wa dawati aigize hatua hizo neno kwa neno. Aliyesahau kuandika omena ioshwe itoke mchanga atasikia kicheko, na atasahihisha mwenyewe. Kalamu nyekundu ingoje rasimu ya pili. Vitabu vikiwa haba, gazeti la juzi linatosha.