Saratani imepona, au imetulia?

Msomaji wa Kisauni, Mombasa, anauliza: "Mjomba wangu ana lukemia, saratani ya damu. Kabla hajaanza dawa za saratani alishikwa na nimonia kali, akalazwa. Alipopata nafuu, vipimo vya damu na vya uloto wa mifupa havikuonyesha tena seli za saratani. Nyumbani wanataka niwaandikie jamaa kwamba 'saratani imepona wenyewe'. Ni sawa?"

Poleni kwa maradhi, na habari hii imenifurahisha. Lakini sentensi hiyo usiitume bado. Anayepona ni mtu; kidonda nacho hupona, kwa kuwa ni sehemu ya mwili iliyoharibika ikarudi uzima. Kilugha, saratani haiponi. Huisha, hutoka, hutulia, hurudi.

Je, "mjomba amepona"? Kisarufi ni sahihi, ila naliogopa. Anayeambiwa amepona huacha kliniki. Madaktari wameandika juu ya wagonjwa wa lukemia kali ya mailoidi (aina ya lukemia inayoenea haraka) ambao ugonjwa wao ulipotea bila tiba ya saratani, wengi wao baada ya maambukizi mazito kama nimonia. Inadhaniwa kinga ya mwili, ikishaamshwa na vijidudu, huziandama na seli za saratani. Ni jambo la nadra mno, na aghalabu ugonjwa hurudi baada ya wiki au miezi kadhaa. Ndiyo maana nachagua neno "kutulia", kama tunavyosema bahari imetulia upepo wa kusi unapopungua.

Na mgonjwa mwenyewe je? Hapa Mwambao tuna neno ninalolipenda sana: hajambo. Wengi siku hizi hulijua kwa salamu tu, na asili yake ni "hana jambo", yaani hakuna linalomsumbua. Wazee wetu wakiulizwa "Mgonjwa yu hali gani?" hujibu "Hajambo kidogo", na muulizaji akaelewa: leo ameamka vyema, ya kesho hayajasemwa. Ashekali nalo ni zuri, ila humfaa zaidi anayeugua bado, ambaye maumivu yamempungua tu. Mjomba wako amepita hapo.

Waandikie hivi: "Mjomba hajambo. Baada ya nimonia, saratani imetulia yenyewe, ataendelea kupimwa." Ni yenyewe, si wenyewe, kwa sababu saratani iko katika ngeli ya I-ZI. Ukitaja ugonjwa, ndipo useme umetulia wenyewe.