Re: Pawatila ya zamani inazima ikiingia kwenye tope

Mkuu, kama hiyo pawatila (trekta dogo la kusukuma kwa mkono) inawaka freshi halafu inazima ukiingia majarubani kwenye tope la mpunga, usikubali fundi aanze kushusha injini, hapo mi naona dizeli haifiki vizuri. Kwanza mwaga maji na uchafu uliokaa chini ya tenki, badilisha filta, halafu legeza bolti ya kutolea hewa kwenye pampu uache dizeli itoke mpaka mapovu yaishe kabisa ndo ukaze. Cheki na filta ya hewa, hizi zenye oili chini watu wanazisahau msimu mzima, ukikuta oili imekuwa uji mweusi mwaga, osha wavu kwa dizeli, weka mpya. Na tafadhali sana, maji yakiisha kwenye rejeta injini ikiwa moto usiimwagie ya baridi, silinda hedi (kile kifuniko cha juu cha injini) inaweza kupasuka, iache ipoe.